Sauti ya Mama na Kigae cha Simbeye

Mpendwa Tata, baba yangu,

Najua hakuna tarishi wa kukufikishia barua hii, na wewe mwenyewe ungeniuliza kwa nini nachezea karatasi. Lakini kibandani kwako hakuna mwenye baiskeli aliyeondoka bila kuelezwa: kilichoharibika ni hiki, nilichofanya ni hiki, na mteremkoni nenda polepole. Mtu akiwa na haraka ulimshikia usukani mpaka umalize maelezo. Leo ni zamu yangu kukushikia usukani. Nimerudi jana kutoka ng'ambo ya mpaka na ile santuri ya mama, na ni haki yako kujua imefikia wapi.

Nitaanzia mbali, ili uone kama mambo nimeyashika sawasawa.

Lile gari la redio lilipokuja kutoka Rodeshia ya Kaskazini kurekodi nyimbo za mpakani, mimi nilikuwa bwenini Mbozi Misheni. Kwa hiyo habari yote niliipata kwako, na kwa jinsi ulivyomsimulia kila mgeni aliyekalia kiti chetu, ningeweza kuisimulia hata usingizini. Wanawake waliokuwa wanapura ulezi walipangwa mstari mbele ya kipaza sauti. Mama akaanzisha wimbo, wenzake wakaitikia, beti zikaenda vizuri, mpaka mdogo wangu Sekela aliyekuwa mgongoni mwake alipoangua kilio. Mama akakatisha. Wale wenye gari wakarekodi upya, na ile santuri ya kwanza, iliyoharibiwa na kilio cha mtoto, wakampa mama iwe zawadi. Ulisema aliibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba sinia la mayai.

Mkalimani wao alikuonya pale pale. Santuri za dukani ni ngumu, alisema, lakini hii ni laini, imechorwa papo hapo ndani ya gari. Ukiiweka kwenye gramafoni ya kawaida, ile ya sindano ya chuma na mkono mzito, sindano itaila. Mama akacheka tu. "Kwani mimi naenda wapi? Mkitaka wimbo nitawaimbia." Akaifunga ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa, akaiweka juu ya kabati, ikawa imesahaulika.

Mwaka ule ule homa ikamchukua. Mimi nilikuwa nimekaa naye utoto wangu wote, nimeonywa, nimechapwa, nimeimbiwa. Sekela alikuwa hajaanza hata kutambaa. Siku ya kumaliza matanga ulimpakata, ukatuambia sisi tuliokuwepo: "Huyu atamsikia mama yake. Hata kama ni mara moja." Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na kazi moja tu, nyingine zote zilikuwa za kupitisha muda.

Bibi alishuka kutoka milima ya Ileje kuja kumlea Sekela. Mfinyanzi yule wa vyungu, mama wa mama, alikuja na furushi la nguo na lile jiwe lake laini la kusugulia udongo. Wewe na yeye mlikuwa mnatuchekesha sana, samahani nikisema. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sawa, ndiyo heshima ya kwao na ya kwetu. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili. Yeye alikaa nyuma ya pazia, wewe mbele ya pazia, mimi katikati nikibeba maneno. "Mwambie baba yako chumvi imekwisha." "Mwambie Bibi italetwa." Na kila mmoja alikuwa amekwisha kumsikia mwenzake.

Ukaanza kutafuta mkono mwepesi wa gramafoni. Vitani, ulipokuwa kwenye kikosi cha mawasiliano, ulikuwa umeona gramafoni zisizopiga kelele kwa tarumbeta bali kwa redio: sindano haitoi sauti yenyewe, inatoa umeme, umeme unapita kwenye waya, redio inaukuza. Mkono wa namna hiyo unaweza kuwa mwepesi kama kalamu. Karani mmoja wa mgodini Saza alikuwa na chombo cha aina hiyo kilichokufa, akakupa mkono wa chombo hicho kwa kumtengenezea baiskeli. Ulikuja nao umeufunga kwenye leso. Ukaufunga kwenye gramafoni yetu ya kupiga hendeli, ukaunganisha nyuma ya redio ya betri, ukaweka santuri ya dukani. Kimya. Ukafungua kichwa cha mkono kwa bisibisi, na ndani, mahali palipotakiwa kuwa na kidude kigumu, kulikuwa na ute wa kunata. Ukachovya kidole, ukaramba.

"Chumvi," ukasema.

Bibi nyuma ya pazia akasema, "Atupele, mwambie baba yako asirambe vitu vya wafu." Nikakuambia. Ukatema.

Tulikuja kuelewa baadaye, baba mdogo Simbeye alipokuja likizo. Yule rafiki yako wa vitani alikuwa anatengeneza redio kwenye miji ya migodi ya shaba, na alipenda kufundisha kuliko mimi ninayelipwa kufundisha. Aliangalia ule ute, akasikitika. Akaeleza kwamba ni chumvi kweli, ila si ya mboga. Hukuzwa ikawa fuwele, ikakatwa vipande, na kipande kikipindwa kinatoa umeme. Ni laini, inapinda upesi, kwa hiyo inatoa umeme mwingi. Lakini joto la Saza na unyevu wa masika haiviwezi. Halafu akatoa kwenye koti kiboksi cha dawa, na ndani ya pamba kulikuwa na kipande cheupe, chembamba kama kijiti cha kiberiti kilicho bapa, kimeshikwa kati ya vimpira vidogo, na sindano imetokeza mbele.

"Ndugu, hiki ni kigae," akakuambia.

"Kigae?"

"Kauri. Udongo wa kiwandani, umesagwa, umechomwa kama vyungu vya mama mkwe wako. Kikitoka tanuruni bado hakijui kitu. Wanakitia umeme mkali kwanza, ndipo kinajifunza. Baada ya hapo kila ukikipinda kinatoa umeme."

"Kigae kinapinda?"

"Kinapinda, ila kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ni kigumu kuliko ile chumvi. Sindano ikikisukuma kwa nguvu ile ile, kinapinda kidogo kuliko hiyo chumvi, na umeme wake unakuwa mdogo. Lakini hakiyeyuki. Kinakaa miaka."

Nilikuona ukitikisa kichwa kwa furaha. "Basi kigumu ndicho bora."

"Awe! Nani kasema?" Simbeye alikaa sana ng'ambo hata kukataa akakataa kwa Kibemba. "Kigumu kikishikwa na vigumu hakipindi tena. Unaviona hivi vimpira? Ndivyo vinavyokiachia nafasi. Ugumu wa kigae ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kilichokishika. Na lingine: mfereji wa santuri unailazimisha sindano iende huku na huku. Sindano ikiwa imefungwa kwenye kitu kikaidi, mmoja lazima ashindwe. Kwenye santuri ngumu itashindwa sindano. Kwenye yako hii laini, utashindwa mfereji."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikimenya maharage, na yote hayo niliyasikia. Wewe ulisikia neno moja. Ulisikia "kigumu". Sikulaumu, Tata, ilikuwa kazi yako. Barabara ya Tunduma inajulikana: malori yanapita, magurudumu yanatikisika, kila kitu kinalegea. Mtu akileta baiskeli inayopiga kelele, dawa yake ni spana. Maisha yako yote ulikuwa umewaponya watu kwa kukaza. Hata kiti cha Bibi ulikikaza mpaka kikapasuka, na Bibi akanituma nikuambie asante.

Mwanzoni kile kigae kilifanya kazi nzuri. Tulipiga santuri za dukani za kukopa, sauti ikawa safi mpaka majirani wakasogea. Ukaweka siku: tukishajengea kaburi la mama, ndugu wa Ileje wakiwepo wote, santuri yake itapigwa. Kaburi likapangiwa kiangazi, baada ya mavuno, na hapo ndipo tulipokosea bila kujua, maana kiangazi chetu huku juu ni baridi ya kutetemesha meno.

Asubuhi ya siku yenyewe ulijaribu santuri ya dukani. Sauti ikatoka nyembamba, ya mbali. Baridi ilikuwa imevikakamaza vile vimpira, basi. Ungengoja jua lipande, au ungeusogeza mkono karibu na jiko, sauti ingerudi. Nilikwisha kuiona ikirudi siku nyingine mchana, sote tulikwisha kuiona, tukadhani ni betri. Lakini wageni walikuwa njiani na wewe ulikuwa umeshika bisibisi. Ukafungua kichwa cha mkono, ukaviona vimpira vimekakamaa, ukasema vimechoka. Ukavitoa, ukavitupa. Mahali pake ukatia vipande vya shaba ulivyokata kwenye taa kuukuu, ukadondoshea ile gundi ya kuzibia tyubu, ukakaza skrubu mpaka vidole vikageuka rangi. Ni bahati kwamba kigae hakikuvunjika. Sauti ikawa ndogo zaidi. Basi ukaweka nati ya ekseli juu ya kichwa cha mkono, iubonyeze. Sauti ikapanda. Ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilipanda.

"Umeona?" ukaniambia.

Nikasema nimeona. Nani angebishana nawe siku ile, umevaa koti la jeshi na viatu vimeng'arishwa?

Tulirudi kutoka makaburini alasiri. Ndugu wa Ileje wakajaa chumbani, wengine wakasimama dirishani. Sekela nilimpakata mimi. Bibi alikuwa mahali pake nyuma ya pazia, ila alilifungua upenyo kidogo upande wa gramafoni. Ukapiga hendeli, ukashusha mkono, na mama akaimba.

Aliimba kweli. Ilikuwa sauti yake, na ule mkwaruzo wake wa kooni mwanzoni mwa ubeti, ambao mimi nilikuwa nimeusahau na nikashtuka kwamba nimeusahau. Mjomba akaweka kofia usoni. Halafu sauti ikaanza kuingia ukungu, na mbele ya sindano nikaona kitu kama uzi mweusi kikijikunja, kikirefuka.

Bibi alikiona kabla yangu. "Atupele, mwambie baba yako sindano inalima."

"Tata, Bibi anasema sindano inalima."

Hukugeuka. Macho yako yalikuwa yamefumba. "Mwambie Bibi ni vumbi."

"Bibi, Tata anasema ni..."

Pazia likang'oka na kijiti chake. Bibi akatoka mzima mzima mbele ya watu wote, mbele yako, akakutazama usoni, akapaza sauti: "Mkwe! Ondoa mkono!"

Ukauondoa. Sijui ulishtushwa na nini zaidi, uzi ule au kuitwa. Chumba kizima kikatazama chini. Bibi akajifunika nguo kichwani, akarudi chumbani pasipo na pazia, akageukia ukuta. Na wewe ukakaa umeuinua ule mkono hewani kwa muda mrefu, hakuna aliyethubutu kukuambia uushushe.

Kesho yake Bibi alinipa kuku nikuletee, kwa sababu alikuvunjia heshima. Wewe ukanipa jogoo nimpelekee, kwa sababu aliokoa kilichobaki. Kuku wakapishana mlangoni mikononi mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile, ingawa nilichekea nje.

Tulipoiangalia santuri juani, ukanda wote wa nje ulikuwa umepauka, mifereji imelimwa. Beti zimekwenda. Karibu na katikati ulibaki ukanda mwembamba, mweusi, unaong'aa. Kwa simulizi yako mwenyewe tulijua kilichopo humo: mwisho wa wimbo, kilio cha Sekela, na mama kukatisha. Ukaifunga kwenye mfuko wake wa unga. Hukumsimulia mgeni tena.

Simbeye alipokuja Krismasi hukumficha. Alifungua kichwa cha mkono, akaiona ile shaba, akashika kiuno. "Ndugu yangu. Umekifunga jela." Ulijibu kwamba ulitaka kisitikisike. "Kisipotikisika kitasema nini?" akasema, kisha akaona uso wako, akaacha mzaha. Akakionesha kigae kwenye mwanga, kizima. Vimpira vya kiwandani hakuwa navyo. "Utatafuta mwenyewe," akasema. "Vigumu kidogo, vilaini kidogo. Santuri ya dukani ndiyo iwe shamba lako la kujaribia, hii nyingine usiiguse."

Masika yote hayo ulijaribu. Tata, kama kuna wakati nilikupenda kuliko wakati mwingine wowote, ni huo, na wala hukuwa unatufurahisha. Ulikuwa unanuna tu. Ulikata mpira wa tyubu: ukawa laini mno, kigae kikaelea, sindano ikitikisika mpira unaumeza mtikisiko wote, na mwimbaji akawa kama anaongea ndani ya blanketi. Ukakata kisigino cha kiatu: tukarudi jela. Ukajaribu tyubu mbili pamoja, ukajaribu ngozi, ukajaribu nta, ambayo mchana ilikuwa sawa na asubuhi ikawa jiwe. Sasa ulikuwa unajaribu kila kitu asubuhi na mchana, baridi na joto, bila kuambiwa na mtu. Bibi, ambaye alikuwa anakusikia, akanituma: "Mwambie baba yako, chungu ukikishika kwa kiganja chote hakilii. Kishike kwa ncha za vidole." Ukajibu: "Mwambie Bibi najua." Ulikuwa umelijua wiki iliyotangulia tu, lakini nilifikisha kama ulivyosema.

Kilichofaa kilikuwa mbele yako kila siku: kile kimpira chembamba kinachovalishwa kwenye vali ya baiskeli. Ukakichana vipande vidogo, ukaweka kimoja huku, kingine huku, ukafunga skrubu kwa vidole viwili na kuacha. Kuacha ndiko kulikokuwa kugumu. Niliona mkono wako ukirudi kwenye bisibisi, na wewe ukiuzuia kwa mkono mwingine. Na ile nati ya ekseli ukaifunga nyuma ya mkono wa gramafoni, upande wa pili wa egemeo, ipunguze uzito badala ya kuuongeza. Ukapiga santuri ya dukani. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya shaba na nati, lakini kila neno lilikuwepo.

Hukuita mtu. Ulingoja mchana wenye jua, ukafunga mlango, tukawa wewe na mimi na Sekela, na Bibi nyuma ya pazia jipya. Sekela alikuwa amefikia umri wa kuuliza maswali yasiyokwisha. Ukashusha sindano mwanzo wa ule ukanda unaong'aa. Yakatoka maneno ya mwisho wa ubeti, halafu kilio cha mtoto mchanga, cha hasira, halafu mama, karibu kabisa na kipaza sauti, bila kuimba: "Ngojeni kidogo. Mtoto."

Ukainua mkono hapo hapo.

"Nani analia?" Sekela akauliza.

"Wewe."

"Na nani anasema ngojeni?"

"Mama yako."

Akafikiri. "Aliacha kuimba?"

"Aliacha."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako," ukasema, ukajifanya unafunga waya.

Alitembea kijijini kutwa nzima akiwaambia watu kwamba mama yake aliwasimamisha Wazungu wa redio kwa sababu yake. Na ni kweli.

Mimi nilitaka zaidi. Nilikuomba turudie, nikakuomba tuache sindano iende mpaka mwisho, maana palibaki mifereji kidogo. Ulikataa. "Yatosha. Kila tukipiga tunakwangua." Nilikuomba tena nilipopata kazi ya ualimu, na tena nilipochumbiwa. Uliipiga mara chache, kwa sababu kubwa tu, na kila mara, mama akishasema "Mtoto", mkono wako ulikuwa umekwisha kuinuka. Nilikukasirikia, Tata. Niliona kwamba umekuwa bahili na kitu ambacho si chako peke yako.

Kifua kilipokuchukua kiangazi kilichopita, hatukuifungua santuri kwenye msiba. Hakuna aliyejua kuushika ule mkono kama wewe, na mimi sikutaka kuwa wa kujifunzia hapo. Lakini mwezi uliopita niliufungua mfuko wa unga nikaona ile rangi iliyopakwa juu ya santuri, ndiyo yenye mifereji, imeanza kupata nyufa, kama matope ya kidimbwi kilichokauka. Nikamwandikia baba mdogo Simbeye. Akasema huko ng'ambo wana mashine za utepe sasa. Sauti ikihamia kwenye utepe, santuri ikifa haidhuru. Akatutafutia fundi.

Tumekwenda mimi na Sekela. Amekuwa mrefu, utauonea huruma mlango. Fundi ni kijana mpole. Aliigeuza santuri kwenye taa, akauangalia mkono wako tuliokwenda nao kwenye leso, akapima kile kimpira cha vali kwa ukucha, akauliza ni nani aliyekiweka. Nikasema ni baba. Halafu akatuambia ukweli: nyufa zimeingia ndani, sindano yake ni nyepesi lakini rangi inaweza kubanduka ikipita. Inaweza kutoka yote, inaweza isitoke kitu. Hapatakuwa na mara ya pili. Nikamtazama Sekela, maana ni yake. Akasema, "Ikikaa kabatini itapasuka tu. Weka."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kukosa. Ubeti ukatoka umejaa mikwaruzo. Kilio kikatoka. "Ngojeni kidogo. Mtoto." Nami, bila kufikiri, nikainua mkono wangu hewani, kama wewe. Lakini fundi hakujua desturi yetu. Aliiacha sindano iende.

Kukasikika miguu kwenye makapi ya ulezi. Halafu sauti ya mwanamume, inakuja kutoka mbali kidogo, haina haraka:

"Mlete kwangu. Wewe imba."

Na mama akacheka. Kicheko kikakatikia katikati, rangi ikabanduka pale pale, santuri ikawa imekwisha.

Tata, hukuwahi kusema. Kwa wageni wote uliowasimulia, hukuwahi kusema kwamba wewe ndiye uliyempokea, kwamba ile santuri ya pili, ile nzuri waliyoondoka nayo, mama aliiimba kwa sababu wewe ulisimama pembeni na mtoto kifuani. Mwanamume wa Tunduma, mbele ya gari la redio na wapuraji wote! Labda uliona aibu. Lakini nadhani ni ule mfereji. Ulijua kwamba sauti yako imo humo, ukaona sindano isijichoshe kwa ajili yako. Hatuna picha yako. Hatukuwa na kitu chochote chenye sauti yako, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nitaisahau kama nilivyosahau ule mkwaruzo wa mama.

Sekela aliuliza kama utepe nao unalimwa. Fundi akasema si kwa namna ile. "Basi rudia," Sekela akasema. Fundi akarudia. Sekela akaomba tena. Mimi nililia bila kificho, na sikuona haja ya kutafuta waya wa kufunga.

Hizo ndizo habari. Bibi ni mzima, anasumbuliwa na magoti. Kibanda chako kina fundi mwingine, anakaza kupita kiasi. Watu wanazungumza juu ya uhuru kila mahali na hata sokoni pamechangamka. Sekela amehamia nyumbani kwangu kuanzia juma hili, mume wangu amekubali, na kitanda chake nimekiweka dirishani. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi huko mliko. Mwambie mama aendelee na wimbo. Mtoto yuko kwangu.

Binti yenu wa kwanza,
Atupele